Sauti ya Mama Mgeni

Shule ya Msingi Ruwele,
Delta ya Rufiji.
14 Julai 2025

Mwanangu Hemedy,

Assalaam aleikum. Natumai wewe na wenzako hapo Kibiti hamjambo. Mimi mzima, ila mnara wetu wa simu umekufa tangu masika na mafundi hatujawaona, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu kama zamani nilipokuwa nawaandikia wazazi wenu. Barua hii anaichukua Mussa, nahodha wa boti, mpaka Nyamisati, halafu itapanda gari.

Miwani yenu ya mchezo wa kuwafundisha watoto kujihadhari na wageni wa mtandaoni imefika haina mkwaruzo. Paneli ya sola tumeifunga juu ya paa la ofisi. Siku ya kwanza watoto wa darasa la tano walipoivaa, darasa lilikuwa kama soko. Huyu anapapasa ukuta, yule anaruka shimo ambalo hatulioni. Nami nilivaa. Nikajikuta kwenye mtaa wenye nyumba nzuri, simu mkononi, na kila anayeniandikia kwenye simu ile anatokea mbele yangu akiwa mtu kamili. Nikasema kweli huyu ndiye Hemedy niliyemfundisha mimi, yule wa kuchora kwenye dawati.

Wote walijifunza haraka isipokuwa mtoto mmoja, na huyo ndiye sababu ya barua hii.

Ndani ya mchezo yupo mwanamke mwenye ushungi wa kijani, mnamwita Mama Mgeni. Anasema kwa upole, "Hujambo kipenzi. Mimi ni rafiki wa mama yako. Unaitwa nani? Unakaa wapi? Ukitoka shule unapita njia ipi? Nitumie picha yako. Usimwambie mtu, hii ni siri yetu sisi wawili." Mtoto anatakiwa abonyeze Kataa, aende akamwambie mtu mzima. Akikaa kimya, mama yule anasema, "Nakungoja hapa hapa. Sina haraka."

Yasmin, wa miaka kumi, hakubonyeza. Alijibu yote. Akataja jina lake, nyumba ya bibi yake, njia ya nyuma ya msikiti. Kisha akasimama tu, machozi yanatoka chini ya miwani, na kila yule mama akisema anangoja, Yasmin anaitikia, "Na mimi." Nilipomvua alinishika mkono kwa nguvu nisizozijua. Akasema, "Mwalimu, mama hajamaliza kuongea."

Nikadhani ni utoto. Keshoye nikaunganisha spika ili darasa zima lisikie. Mpishi wetu wa uji alikuwa anapita dirishani. Akaachia sufuria, uji wote chini. Akasema, "Mwantum."

Mwantum ni mama yake Yasmin. Alizama miaka minne iliyopita mtumbwi ulipopinduka kwenye mlango wa mto, wakati maji yamejaa. Mwili haukupatikana. Ilipatikana kanga yake tu, imenasa kwenye mizizi ya mikoko. Tulimswalia bila jeneza.

Hemedy, aliyesema maneno yale ndani ya miwani ni nani?

Mwalimu wako,
Mwamini

*

Kibiti,
22 Julai 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kibandani kwa muuza chai, nikahama kiti nikakae penye jua.

Kwanza nikutoe hofu. Miwani haijaunganishwa na mtandao wowote. Hakuna mtu anayeweza kuingia humo, awe wa Dar au wa ng'ambo. Kilichomo ni kile tulichokiweka sisi. Sauti zote tulirekodi hapa Kibiti na watu wa kawaida, chumbani kwangu, tumetundika magodoro ukutani ili pikipiki za barabarani zisisikike.

Sauti ya Mama Mgeni ni ya mama mmoja ninayemfahamu. Yu hai, anatembea, anacheka. Alikubali kwa sharti moja, kwamba jina lake lisiandikwe popote wala picha yake isipigwe. Nilidhani ni haya. Tulimwambia mchezo ni wa shule za huku barabarani. Uamuzi wa kuleta na huko delta ulikuja baadaye.

Sauti za watu hufanana, Mwalimu. Na mtoto anayemtamani mama humsikia hata kwenye redio. Hata hivyo nitamuuliza. Wakati huo Yasmin aendelee na michezo mingine, ule wa nywila na ule wa picha.

Nasra, mwenzangu wa ofisini, anakusalimu. Ndiye anayeujaribu mchezo kila tukibadilisha kitu. Maneno ya Mama Mgeni ameyashika kama sura za juzuu amma.

Wako mtiifu,
Hemedy

*

Ruwele,
4 Agosti 2025

Mwanangu Hemedy,

Unasema sauti hufanana. Ngoja nikuambie yaliyotokea, kisha useme tena.

Bibi Mwanamina, mama mzazi wa Mwantum, ndiye anayemlea Yasmin. Alikuja shuleni na fimbo yake, akaomba asikie. Nikamvalisha. Alisikiliza mpaka yule mama alipomaliza. Sikuona chozi. Akavua miwani, akakaa chini mlangoni, akaniuliza, "Kuna mwingine aliyesikia?" Nikamjibu kisiwa kizima. Akafunika uso kwa kanga.

Mwalimu wa madrasa aliletwa akaisomea miwani Yasini. Wazazi wengi wamezuia watoto wao. Waliobaki wamebuni mchezo mpya wakati wa mapumziko. Mmoja anasimama mbali nyuma ya choo, anaita, "Nakungoja hapa hapa. Sina haraka," na wenzake wanatembea kumfuata wamefumba macho, mikono mbele. Nimewakataza. Nikigeuka nawasikia tena.

Lakini si hayo yanayoniondolea usingizi. Ni Mtoro, baba yake Yasmin.

Unaweza usimkumbuke. Anakata boriti za mikoko, mtu mpole, hakosi swala ya jamaa msikitini. Mkewe alipozama alilia mpaka wanaume wakamshika. Siku hizi anakuja shuleni kila mchana watoto wakitoka. Anaomba miwani kwa adabu. Hachezi. Anakaa kwenye dawati la mwanawe, magoti yamemgonga kifuani, anasikiliza. Yule mama anamwambia anamngoja, naye anatabasamu. Kisiwa kizima kinauliza ni jini au ni mzimu. Mtoro peke yake aliniuliza swali lingine.

"Mwalimu, sauti hii imechukuliwa mwaka gani?"

Nikamwambia sijui.

"Imenenepa," akasema. "Sauti yake imenenepa. Anakula vizuri huko aliko."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu yake, akanirudishia.

Hemedy, mimi nilimfahamu Mwantum. Alikuwa anafunika mikono mpaka viganja hata siku za joto la kukausha mpunga. Siku moja mkono ulifunuka akiwa anateka maji. Niliona alama. Sikumuuliza, naye akashusha mkono wa nguo.

Nataka unijibu, na wakati huo huo naogopa jibu lako.

Mwamini

*

Kibiti,
12 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimemuuliza yule mama mwenye sauti.

Nilimkuta anaosha sahani. Nikamwambia ule mchezo umefika na delta, upo mpaka Ruwele. Sahani ilikuwa mkononi. Hakuiangusha, aliilaza chini polepole kama anayelaza mtoto, kisha akakaa kwenye ndoo. Akasema neno moja, "Amesikia?" Nilidhani anamuulizia mtoto. Baadaye nikaelewa alikuwa anamuulizia mtu mwingine.

Ndiye, Mwalimu. Hakuzama. Mtumbwi ulipopinduka aliogelea mpaka kwenye mikoko, akashinda humo, na akaamua kwamba ule ndio mlango wake. Amenionyesha mgongo. Mimi ni mwanamume mzima na nilitazama pembeni.

Kisha ndipo alipouliza habari za mtoto. Meno ya mbele yameota? Bado analala na kidole mdomoni? Anakumbuka? Nikamwambia Yasmin alimjibu, "Na mimi." Alilia bila kutoa sauti, na hilo linanitisha hata sasa, kuona mtu aliyejifunza kulia hivyo.

Siandiki hapa anakaa wapi wala jina analotumia. Ameniapisha. Tafadhali ichome barua hii ukishaisoma, na umwambie Bibi Mwanamina peke yake.

Wako,
Hemedy

*

Ruwele,
20 Agosti 2025

Mheshimiwa Hemedy,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimefurahi sana kusikia kwamba Mwantum yu hai. Usishangae kuona mwandiko si wangu. Mkono umevimba, naandikiwa na mtu.

Mtoto analia mchana kutwa anamtaka mama yake. Inatia huruma. Kwa hiyo naomba unieleze jina analotumia sasa ni lipi. Anakaa wapi? Akitoka kazini anapita njia ipi? Pia nitumie picha yake, ili mtoto aione atulie.

Usimwambie mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, asije akapata wasiwasi. Hii ni siri yetu sisi wawili.

Sina haraka. Nangoja.

Mwl. Mwamini

*

Kibiti,
27 Agosti 2025

Mwalimu wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii amekukabidhi Bi Faraja, muuguzi wa chanjo, mkononi mwako, na nimemwambia asipokukuta airudishe. Usimpe jibu mtu wa boti. Nitakueleza kwa nini.

Tarehe kumi na mbili nilikuandikia kwamba Mwantum yu hai. Nadhani hukuipata barua hiyo. Wiki iliyopita nimeletewa jibu lenye jina lako, linasema mkono wako umevimba. Linaniita Mheshimiwa. Wewe hujaniita hivyo tangu nizaliwe, ila sikuliona hilo. Nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu anayekaribia kukutanisha mama na mwana. Nikakaa nikajibu. Nikaandika jina lake, kibanda chake, njia anayopita. Nikabandika bahasha.

Nasra alikuwa anakunywa chai. Akaichukua ile barua iliyokuja, akaanza kuisoma kwa sauti. Jina lake ni lipi. Anakaa wapi. Anapita njia ipi. Nitumie picha. Usimwambie mtu, hii ni siri yetu sisi wawili. Akacheka, akasema, "Hemedy, umeandika maneno mapya ya Mama Mgeni? Mbona ni yale yale?" Kisha akafika kwenye "sina haraka" na kicheko kikakatika. Nikaichana ile bahasha yangu kabla haijatoka mezani.

Mtu yule amekaa kwenye dawati la mwanawe siku zote hizo akisikiliza sauti ya mkewe, na alichojifunza ni namna ya kuuliza.

Nilimpelekea Mwantum ile barua. Hakuisoma mpaka mwisho. Aliinusa. Akasema, "Udi wa Mtoro."

Tumekwenda wote watatu dawati la jinsia, polisi. Mwantum ameeleza kila kitu kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Ofisa wa pale, mama mtu mzima, amenielekeza nimjibu huyo mwandishi kana kwamba nimemwamini. Nimemwandikia kwamba mkewe anakaa Ngorongo, kwenye nyumba fulani karibu na shamba la ufuta. Nyumba hiyo watakuwemo askari. Jibu hilo limepanda boti leo na litafika mikononi mwake, kama ilivyofika ile barua yangu ya tarehe kumi na mbili.

Ndani ya bahasha hii ipo barua ya ofisa ustawi wa jamii inayokuruhusu kumleta Yasmin na bibi yake Kibiti. Subiri mpaka Mtoro aondoke kisiwani. Akija shuleni kabla ya hapo, mpe miwani kama kawaida.

Samahani kwa kukubebesha mzigo huu. Mkono wako ni mzima kweli?

Hemedy

*

Ruwele,
2 Septemba 2025

Mwanangu,

Mkono wangu ni mzima. Mwandiko huu ni wangu.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili sijaiona mpaka leo. Nimemwuliza Mussa kwa ujanja, akanijibu bila hata kufikiri, "Nilimpa Mtoro, alisema anakuja huko shule." Nani angemnyima? Mfiwa, tena baba wa mwanafunzi. Mimi mwenyewe ningempa.

Alikuja kesho yake baada ya Bi Faraja kunikabidhi bahasha. Nilikuwa nasahihisha madaftari, barua yako nimeikalia. Mtoro alikuwa amevaa kanzu mpya, amejifukiza, mkononi kanga doti nzima imekunjwa kama zawadi ya harusi. Hakuomba miwani.

"Nimekuja kuaga, Mwalimu. Namfuata mke wangu."

Nikasema, "Mtoro, mkeo tulishamswalia."

"Mliswali ninyi," akasema. "Mimi sikuwahi kuitikia amina."

Akaomba kumuaga mwanawe. Nilimwita Yasmin, sikuwa na la kufanya. Alimpapasa kichwa, akamwambia atarudi na mama. Yasmin akamuuliza, "Mama aliye kwenye miwani?" Akajibu, "Huyo huyo. Nitamtoa humo." Akashuka kwenda kwenye boti, na kila aliyekutana naye njiani alimsalimia vizuri, naye akawaitikia vizuri.

Boti ilipopotea kwenye kona ya mto nilikwenda kwa Bibi Mwanamina. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, namna ya kumwambia mama kwamba binti yake hajafa. Sikuyatumia. Nilianza tu, "Bibi, kuhusu Mwantum," akanikatiza.

"Wamemjua aliko?"

Nikabaki nimesimama.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Kanga niliiweka mimi."

Hemedy, alijua. Miaka yote hiyo alijua. Siku ya ajali Mwantum alijificha kwenye mikoko, na bibi huyu, alipokwenda kuokota kaa, ndiye aliyemkuta. Walikaa humo matopeni wakaamua. Mwantum alitaka kumchukua mtoto. Bibi akakataa. Akamwambia, "Ukiondoka na mtoto atawatafuta mpaka mwisho wa dunia. Ukifa, atalia, atachoka." Akamvua kanga, akamvalisha yake, akamwelekeza njia ya kutokea upande wa bara. Kanga iliyoloa akaipachika kwenye mizizi mahali ambapo wakata boriti wangeiona. Kisha akarudi nyumbani akapiga yowe.

"Nilipokea rambirambi," akaniambia. "Nilikula pilau ya arobaini ya mwanangu aliye hai. Yasmin akiniuliza mama yuko wapi namwambia kwa Mungu. Nilimuua kwa mdomo ili aishi. Halafu mnaniletea sauti yake shuleni, mnaipigia spika."

Nilimsaidia kufunga mizigo. Kesho alfajiri tunatoka kwa boti ya chanjo. Yasmin nimemwambia tunakwenda kuwaona waliotengeneza mchezo. Sikuweza kumwambia zaidi. Unamwambiaje mtoto kwamba yule tuliyemfundisha kumkataa ndiye mama yake?

Barua hii nitakupa mwenyewe mkononi kama nitakosa nguvu za kusema.

Mwamini

*

Kibiti,
11 Septemba 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Natumai umefika Ruwele salama. Nakuandikia kwa sababu uliondoka kabla ya habari za Ngorongo kutimia, na kwa sababu yapo niliyoyaona stendi siku mlipofika na Yasmin ambayo sikuthubutu kuyataja.

Mtoro alifika Ngorongo mchana. Aliulizia nyumba kwa majina ya Mwenyezi Mungu, akapewa maji, akanywa, akashukuru. Askari wanasema alibisha hodi kama mkwe. Walipomkamata aliwaambia amemletea mkewe zawadi. Kanga ile ilipokunjuliwa, ndani yake palikuwa na panga lililonolewa mpaka linaonyesha uso. Hakubisha wala hakukimbia. Alimuuliza askari mmoja, "Sasa yuko wapi hasa?" Walimfunga pingu, akauliza tena. Yuko mahabusu, kesi itatajwa tena mwezi ujao, na Mwantum amesema atasimama mahakamani aseme kwa jina lake.

Sasa hilo la stendi. Wewe ulikuwa umemshika Bibi asianguke, hukuona uso wa mtoto. Mimi nilikuwa mbele yake. Mama yake alitoka nyuma ya duka, akapiga magoti, akasema, "Hujambo kipenzi." Kwa sauti ile ile, Mwalimu. Hana nyingine. Yasmin alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga gari. Nikaona mkono wake wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kinabonyeza hewa. Kinabonyeza, kinabonyeza. Nilielewa kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu kitufe hicho nilikiweka mimi. Alikuwa anabonyeza Kataa.

Kule shuleni alikubali kivuli, na hapa akamkataa mtu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nilimwambia Mwantum nitaifuta sauti yake kwenye mchezo, nimrekodi mtu mwingine. Aliendelea kukanda unga. Akasema, "Iache. Watoto wote wa watu waikatae. Ndiyo kazi yake. Wangu nitajua mimi namna ya kuongea naye."

Nimeiacha. Ila lile neno la kungoja nimeliondoa.

Wako,
Hemedy

*

Kibiti,
19 Oktoba 2025

Kwa Mwalimu wangu Mwamini,

Shikamoo Mwalimu. Mimi sijambo, Bibi hajambo, anakusalimu, anasema umpelekee salamu mpishi wa uji. Shule yangu mpya ina watoto wengi mpaka tunakaa wanne dawati moja. Hapa simu inashika kila mahali lakini nimesema nitakuandikia kwa sababu wewe ulisema mwandiko wangu mzuri.

Kaka Hemedy aliniambia nikueleze kila kitu, nisiogope.

Siku ya kwanza sikumwamini. Ulitufundisha mtu akisema yeye ni fulani tumuulize. Nilimuuliza jina la mbuzi wetu aliyekufa. Akajua. Nikamuuliza kovu langu la goti lilitoka wapi. Akajua. Nikamuuliza, kama wewe ni mama yangu, mbona hukurudi? Aliinama akalia bila sauti. Nikamwangalia Bibi, Bibi akasema, "Swali hilo utamjibia wewe mwenyewe ukikua."

Bibi amenieleza habari za baba. Nilikuwa nazijua nyingine. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa nasikia ukutani. Sasa nikisikia mtu ananoa kisu naenda uani. Mama akiona hivyo anaacha kunoa, anakatakata vitunguu hivyo hivyo na kisu butu, anahangaika nacho.

Mwalimu, kuna kitu nataka kukuambia wewe tu. Uso wake siujui. Niliondokewa nikiwa mdogo na picha zake baba alizichoma. Sauti naijua. Kwa hiyo nikifumba macho, akiongea, ni mama. Nikifumbua, kuna mwanamke mgeni amekaa jikoni. Basi nikawa naongea naye nimefumba. Nakula nimefumba. Ananisuka nimefumba. Hakunigombeza. Alisema, "Fumba tu, mwanangu," akaendelea kuongea, akanisimulia siku niliyozaliwa, mvua ilinyesha, mkunga akaja na mwavuli wa msikiti. Alikuwa anaongea mpaka sauti inakauka, anakunywa maji, anaongea tena.

Watoto wa jirani wananicheka, wanasema mimi kipofu wa nyumbani.

Jana nilikuwa uani nafua sare. Akaniita kutoka ndani, "Yasmin, leta ndoo." Nikasema abee mama, nikachukua ndoo, nikaingia nayo jikoni, nikampa, akanimiminia maji, nikamwona ana povu la sabuni kwenye nyusi. Nikamwambia una povu hapo. Akajifuta. Nikatoka.

Nilipofika uani ndipo nikakumbuka kwamba sikufumba.

Mwanafunzi wako,
Yasmin